Mikanda ya Wajukuu wa Sponji

Taarifa ilisomwa asubuhi kwenye redio ya Mama Birika, ile iliyofungwa kwa raba ili betri zake zisiangukie kwenye kahawa za watu. Familia moja iliyokuwa likizoni, msomaji alisema, ilikuwa ikisafiri kwa gari la kambi, yale magari yenye kitanda na jiko ndani, ikakutana na ng'ombe katikati ya barabara. Baba mtu akakanyaga breki. Gari likasimama. Ng'ombe naye akasimama. Waliokataa kusimama ni watoto, waliokuwa wameketi kwenye kochi la nyuma bila mikanda. Wakaja mbele wao na masufuria. Wamelazwa, wanaendelea vizuri, na wenye magari ya namna hiyo wanakumbushwa kuweka viti na mikanda ya watoto.

"Ng'ombe je?" Refa akauliza.

"Hawakumtaja," Mama Birika akajibu huku akimimina.

"Ndiyo maana siziamini redio. Habari nusu nusu. Tutajuaje kosa ni la nani kama hatujui ng'ombe alitokea upande gani?"

Refa alilipata jina hilo kwa kuchezesha mechi za mtaani mpaka magoti yakamwambia basi. Mechi ziliisha, filimbi ikabaki shingoni, na hukumu bado alikuwa akizitoa. Pembeni yake, kwenye benchi la kahawa, aliketi Wakili, ambaye sheria hakuisomea hata siku moja. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa, hakimu akamsifu kwa kusema kwa sauti, na sauti hiyo hajaishusha tena mpaka leo.

"Kisheria," Wakili akasema, "kochi si kiti. Sheria inataka mkanda kwenye kiti. Kochi limeachwa huru."

"Sheria gani hiyo?"

"Sheria kwa ujumla."

Mama Birika akacheka puani. Kisha wote watatu wakageuka polepole, kana kwamba wameambizana, wakatazama upande wa pili wa njia. Huko, mbele ya karakana iliyojaa fremu za makochi, lilikuwa limeegeshwa gari kuukuu lililowahi kusambaza mikate. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, ila ukisogea karibu uliweza kusoma neno MIKATE chini ya rangi. Sasa lilikuwa na mapazia.

Mwenye gari alikuwa ameketi pale pale benchini, akikipuliza kikombe kilichokwisha kupoa zamani. Alikuwa fundi makochi, mzee wa mabega mapana na vidole vilivyotobolewa na sindano, na mtaa mzima ulimwita Sponji.

"Msinitazame," akasema.

"Nani kakutazama? Tunatazama gari," Refa akajibu.

"Basi msilitazame gari. Huyo bwana wa kwenye redio kochi lake alinunua dukani, ubao na kitambaa. Langu nimelitengeneza kwa mkono wangu. Nimeweka sponji juu ya sponji. Kwangu mtoto akirushwa, anatoka kwenye sponji anatua kwenye sponji."

"Na katikati ya sponji na sponji kuna nini?" Mama Birika akauliza.

"Hewa."

"Na sinki."

"Sinki liko upande."

"Na jiko."

"Mama, we uza kahawa bwana, tuachie mambo ya ufundi."

Ukweli ni kwamba Sponji alilijenga gari lile kwa moyo wote. Tangu mkewe afariki, nyumba yake ilikuwa na makochi mengi na watu wachache. Jioni alikaa peke yake kwenye kochi la watu wanne, akiangalia makochi mengine matupu. Ndipo likizo iliyopita wajukuu wake wawili walipokuja kumtembelea, na yule wa kike, ambaye babu yake humwita Mchumba, akamuuliza kama inawezekana kulala ziwani. Si karibu na ziwa, pale pale ziwani, macho yakifunguka maji haya hapa. Sponji akasema inawezekana, halafu ndipo akaanza kufikiri itawezekanaje. Gari la mikate lilikuwa jibu lake. Akaweka kitanda, akaweka jiko la gesi, akaweka sinki lenye bomba. Na ubavuni, kutoka nyuma ya kiti cha dereva mpaka kitandani, akashona kochi refu jekundu lenye vifungo vya kitambaa. Hata bi harusi hajawahi kutengenezewa kochi la namna ile.

Alikuwa bado anawaeleza habari za vifungo vile pale binti yake alipotokea kona, amevaa sare ya hospitali, macho mekundu ya zamu ya usiku.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja, Wakili akiwashinda wote kwa sauti.

"Njoo mwanangu, njoo uone," Sponji akasema, akasimama haraka mpaka kahawa ikamwagika. "Nilitaka uone likiwa tayari."

Akamvusha njia, akafungua mlango wa nyuma kwa madaha kama mtu anayefunua zawadi. Binti akachungulia. Akayaona mapazia, akatabasamu. Akafungua bomba, maji yakatoka, akacheka kabisa. Kisha akalitazama kochi.

"Watoto watakaa wapi tukiwa njiani?"

"Hapo! Wanatazamana na dirisha, wanaona miti inapita."

"Mikanda iko wapi?"

Sponji akabonyeza mto kwa kiganja, ukazama, ukarudi. "Bonyeza mwenyewe."

"Baba, nimeuliza mikanda."

"Mwanangu, wewe ulikulia nyuma ya pikapu. Umekaa juu ya magunia, umekaa juu ya mbuzi, na leo ni muuguzi."

Binti hakubishana. Aliushika mlango akausukuma taratibu mpaka ukajifunga.

"Wale wanaorushwa kwenye magari, baba, mimi ndiye ninayewapokea," akasema. "Jumamosi nitawaleta wakusalimie. Humo hawapandi."

Akaaga, akaenda zake kulala.

Sponji alirudi benchini amenuna. Hakuna aliyeuliza kitu kwa sababu njia ni nyembamba na kila neno lilikuwa limesikika.

"Watoto wa siku hizi," Refa akaanza, kwa huruma, "ukiwapa kochi wanataka mkanda, ukiwapa mkanda watataka kofia ya chuma."

"Kisheria, babu ana haki ya kumbeba mjukuu," Wakili akaongeza. "Mjukuu ni mali ya babu."

"Sisi tulifungwa mikanda na nani?" Sponji akasema, akipata nguvu. "Tulining'inia kwenye malori kama popo. Nani alikufa?"

"Waliokufa hawapo hapa kukujibu," Mama Birika akasema.

Mama Birika akafunika birika lake, akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele yao.

"Nyinyi watatu mnasema kochi linatosha, si ndiyo? Haya. Uwanja ule pale nyuma hauna mtu. Refa awe mjukuu mkubwa, Wakili awe mdogo. Ingieni, mkae. Sponji aendeshe, afunge breki. Tuone."

"Na ng'ombe?" Refa akauliza.

Wakati huo huo ndiyo kwanza Nati alikuwa anawasili na pikipiki yake. Nati alikuwa fundi wa magari na mchomeleaji, kijana wa makamo mwenye kelele kuliko mashine zake, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuna gari hapa duniani lisilomfahamu.

"Ng'ombe huyo amefika," Mama Birika akasema.

"Nani? Mimi? Kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu umezoea kusimama katikati ya njia ya watu."

Wakaingia. Refa alijibwaga mwanzoni mwa kochi, karibu na dereva, akapakata mto. Wakili akaketi mwisho, miguu juu, akabana sauti: "Babu, tumefika?"

"Nyamaza, hata sijawasha."

"Babu, nina kiu. Babu, huyu ananibana."

"Sijamgusa!" Refa akalalamika. "Babu, mwambie atazame kwake!"

Mama Birika alibaki chini, mikono kiunoni. Sponji akawasha, gari likatoka kwa kikohozi, likaingia uwanjani. Hakwenda mbio. Mtoto mwenye baiskeli angeweza kulipita. Mbele, katikati ya uwanja, Nati alikuwa ameweka vidole viwili kichwani badala ya pembe, akalia "Mooo!" kwa nguvu zake zote, na Sponji akakanyaga breki.

Kwanza ilipita filimbi. Kisha akapita mwenye filimbi. Refa alitua tumbo kwenye kifuniko cha injini katikati ya viti vya mbele, pua yake ikagusa redio ya gari. Wakili naye hakuruka, aliteleza. Alilipitia kochi lote kwa ubavu, kutoka mwisho hadi mwanzo, kitambaa kikimsindikiza kwa mlio laini, akaupita mkono wa kochi, akaendelea mbele, akasimamishwa na kabati la sinki upande wa pili, kichwa ndani, mwili nje. Nyuma yake likaja birika la chai, likafuata sufuria, na mwisho wa msafara ukaja mfuniko wa sufuria ukizunguka sakafuni na kulia kwa muda mrefu.

"Nani kafunga goli?" Refa akauliza kwa sauti ya mbali.

"Nitoeni," kabati likasema. "Kisheria, nitoeni."

Nati alikuwa ameketi chini uwanjani, anashika mbavu kwa kucheka. Mama Birika alikuja mbio akimwita kila mmoja, na alipoona wote wana pumzi, naye akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

Sponji hakucheka. Alikuwa ametazama kioo cha ndani akaona kochi lake. Lilikuwa zuri kama alivyoliacha. Mito miwili ilikuwa bado imepangwa, vifungo vinang'aa, hakuna hata mkunjo. Kochi lilikuwa salama kabisa. Waliokosekana ni watu. Pale alipokuwa ameketi Refa ndipo alipokuwa amepanga kumkalisha Mchumba, na mwisho, kwenye utelezi ule, yule mdogo. Akazima gari akakaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na Mama Birika alipomwona vile, akaacha kucheka.

"Hakuna aliyeumia, mzee mwenzangu," akamwambia kwa upole.

"Sikukimbia hata kidogo," Sponji akasema. "Umeona? Sikukimbia hata kidogo."

Siku iliyofuata hakuonekana benchini. Karakana ilikuwa imefungwa kwa ndani na cherehani inalia. Adhuhuri akatoka amechangamka, akawaita wote. Alikuwa ameshona mikanda mwenyewe, kwa ule utepe mnene unaofumwa chini ya makochi, akaupiga mishono ya msalaba, akaubana kwenye ubao wa kochi kwa skrubu ndefu. Ulikuwa mwekundu, wa kulandana na kochi.

"Haya, hiyo hata tembo hang'oi," akasema.

Nati akaingiza kichwa, akatazama, akatoa kichwa.

"Mzee, umefunga mkanda kwenye nini?"

"Kwenye kochi."

"Na kochi umelifunga kwenye nini?"

"Kochi la nini lifungwe? Zito hilo, na chini lina gundi! Tuliingia nalo watu wanne!"

"Naomba kamba," Nati akasema.

Akafunga kamba kwenye mkanda mmoja, akaipitisha mlangoni, akawapanga Refa na Wakili nje wakae tayari kuvuta, yeye mwenyewe akakamata mkia. Sponji akabaki ndani, amekunja mikono, anatabasamu. Refa akapuliza filimbi.

Walivuta mara moja tu. Skrubu zikatoka kwenye ubao zote kwa pamoja, kwa sauti ya karanga zinazobanjwa, ubao ukafuata skrubu, mto ukafuata ubao, na nje wanaume watatu wakaenda chali kwenye dimbwi la maji yaliyooshea vikombe. Mto mwekundu ukatua usoni mwa Wakili.

"Angalau kweli ni laini," Wakili akasema chini ya mto.

"Kwa hiyo nifanye nini?" Sponji akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kipande cha ubao. Na kwa kuwa aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, hata Nati aliacha kejeli, ingawa majigambo hakuyaacha.

"Sikiliza, mzee, umepata bahati unaongea na mimi. Mkanda haufungwi kwenye ubao, unafungwa kwenye chuma cha gari. Bolti inapita sakafuni, chini inakutana na bati nene, na bati linashika chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Pili, mtoto hakai ubavu. Anatazama mbele. Ubavu ni kwa mizigo na maiti."

"Astaghfirullahi," Mama Birika akasema.

"Nasema ukweli! Na tatu..." Nati akakuna kichwa, akatazama chini. "Tatu utanichukia."

"Sema."

"Kochi linatoka."

Ilikuwa zamu ya Sponji kuketi. Aliketi kwenye ngazi ya gari, akapapasa kifungo kimoja kwa kidole gumba. Wazee wakatazama pembeni, kila mmoja akijifanya ana shughuli na matope yake. Baada ya kitambo akainuka, akaingia karakana, akatoka na shoka.

"Shoka la nini? Si ufungue tu!" Refa akapiga kelele.

"Nimeligandisha sakafuni kwa gundi."

"Kwa hiyo hukuwa na nia ya kubadilisha mawazo."

"Sikuwa nayo," Sponji akasema, akalipiga.

Kwenye uwanja wa magari mabovu Nati alipata basi la shule lililokwisha maisha ila viti viwili vya nyuma vilikuwa vizima, vina migongo mirefu na mikanda yake ya kupita begani na kiunoni. Siku zile benchi lilihamia chini ya gari. Nati alilala chali na taa, anatoboa sakafu, anachomelea mabati. Refa alimpa spana asizoziomba. Wakili alisoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa kwenye mkanda, na kwa mara ya kwanza akawa na sheria mkononi kweli, hivyo hakuvumilika. Mama Birika alipeleka kahawa kwa kuinama.

Ugomvi pekee ulitokea siku ya kuvirudishia viti vitambaa.

"Hapa niachieni," Sponji akasema, akiingia na tabaka la sponji nene kama godoro. "Hii ndiyo kazi yangu."

"Toa," Nati akasema.

"Nini?"

"Nene mno hiyo. Gari likisimama ghafla mtoto anazama, anateleza chini ya mkanda, mkanda unamkamata shingo. Weka nyembamba, ngumu."

"Ngumu?" Sponji alilitamka neno hilo kwa kinyaa. "Mimi? Niweke kiti kigumu? Watu watasema nini?"

"Watasema wajukuu wako wazima."

Sponji akaitazama sponji yake, akamtazama Nati. "Sawa," akasema. "Lakini vifungo naweka."

"Weka vifungo."

Akaweka. Na kwa yule mdogo, ambaye mkanda ungempita usoni, kikanunuliwa kiti cha mtoto cha kuinulia, kikafungwa juu ya kiti kikubwa jinsi karatasi yake ilivyoelekeza. Gari likapelekwa kwa mkaguzi wa magari, akaingia chini na tochi, akakaa huko mpaka Sponji akadhani amelala, akatoka akalipitisha, akisema aliyechomelea mabati yale alikuwa na hasira na mtu.

Jumamosi binti alikuja kama alivyosema. Mtoto mdogo alitangulia mbio, akamrukia babu yake miguuni. Mchumba akaja nyuma kwa mwendo wa mtu mzima.

"Babu, mama amesema tukija tusikuulize habari za ziwa."

"Vizuri. Usiniulize. Nenda kaangalie ndani."

Binti aliwafuata, uso umekaza, tayari kwa ugomvi. Alipofika mlangoni akasimama. Kochi halikuwapo. Palikuwa na viti viwili vinavyotazama mbele, vyembamba, vyekundu, vyenye vifungo.

Aliingia, akaketi kwenye kiti kimoja, akafunga mkanda, kisha akajitupa mbele kwa nguvu mara moja, na tena, na tena. Gari zima likatikisika. Nje, benchi lote lilikuwa limesimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akafungua. Akapiga magoti, akazishika bolti kwa vidole. Akavuta kiti cha mtoto huku na huku. Kisha akainua macho.

"Mtungi wa gesi umefungwa na nini?"

Wanaume wakatazamana.

"Nati!" Sponji akafoka.

"Hukuniambia mtungi! Uliniambia viti!"

"Mtungi na ule mwili wake ukiruka, mimi nitawapokea vipi hawa?" binti akauliza, lakini sauti yake ilikuwa tayari imelainika.

Nati akakimbia kuleta vyuma. Mtungi ukafungwa, masufuria yakaingizwa kabatini, kabati likawekewa kitasa. Binti akakagua tena. Halafu akateremka, akasimama mbele ya baba yake.

"Ulilipenda sana lile kochi, baba."

"Kochi gani?" Sponji akasema. "Sikumbuki kochi."

Binti akageuza uso akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Mama Birika akaona vumbi kwenye birika, akaanza kulipangusa.

"Haya," binti akasema. "Leteni mabegi. Nimeomba likizo mpaka Jumanne, nikiwa nimepanga kulala tu. Nitalala huko ziwani."

Kelele walizopiga wale watoto ziliwatoa watu madukani. Wakafungwa kwenye viti vyao, klik na klik. Mdogo akajaribu kuinama mbele, mkanda ukamkatalia, akacheka, akajaribu tena. Refa akampa filimbi yake aende nayo, jambo lililowashangaza wote, na ambalo binti alilijutia papo hapo. Sponji akapanda mbele, akafunga mkanda wake kwa mbwembwe ili aonekane, akazungusha ufunguo.

Gari halikusema kitu.

Akazungusha tena. Kitu kikalia "tik" mahali fulani, kikaona haya, kikanyamaza.

"Nati."

Nati alikuwa anatazama mawingu.

"Nati, ile taa yako ya kumulikia chini uliiacha imeunganishwa na nini?"

"Na betri," Nati akasema. "Lakini viti ni imara, mzee. Hilo hakuna wa kunibishia."

"Hakuna gari la kambi lililo salama kuliko hili," Wakili akatamka. "Kisheria, gari lisilowaka haliwezi kupata ajali."

"Teremkeni tusukume!" Refa akaamuru.

"Sisi hatuteremki!" Mchumba akapiga kelele. "Tumeshafungwa!"

Binti akashika usukani kwa sababu ndiye mwepesi, akajifunga mkanda wake. Sponji akateremka akajiunga na wazee nyuma. Gari lilikuwa zito kwa jinsi kila mmoja alivyolijaza: kitanda, sinki, mtungi, na yale mabati ya Nati ambayo sasa kila mtu aliyalaani. Walisukuma mpaka kwenye mteremko wa kuingia uwanjani. Hapo likaanza kwenda lenyewe, binti akaachia klachi, likakohoa, likatoa moshi, likawaka. Wazee wakaanguka mmoja juu ya mwenzake wakishangilia.

Gari likaingia uwanjani, likazunguka, likarudi kuelekea kwao. Binti alitoa kichwa dirishani.

"Baba! Ruka uingie! Nikisimama litazimika!"

Sponji alikimbia ubavuni mwa gari, mlango wa abiria ukiwa wazi mbele yake, kiti kikimsubiri. Akanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Siruki!" akasema, akihema. "Simama nipande, nifunge mkanda!"

"Baba, mwendo wa konokono huu! Ruka!"

"Gari hili haliendi na mtu asiyefunga mkanda! Mimi sitakuwa wa kwanza kuvunja sheria! Simama!"

"Sisimami!"

"Basi mimi sipandi!"

Gari likampita, likazunguka tena. Likarudi. Sponji alikuwa anasubiri pale pale, vidole vimeelekezwa ardhini kuonyesha mahali pa kusimama, binti naye akitikisa kichwa na kukanyaga mafuta. Kila walipopita, filimbi ililia dirishani na watoto wawili walionekana wameketi wima, wamebanwa barabara, wanapunga mikono. Raundi baada ya raundi, baba na mwana, kila mmoja akiwa na haki, na hakuna aliyelegeza.

Benchini, Mama Birika aliwamiminia waliobaki kahawa.

"Ukaidi huo kautoa wapi yule binti?" akauliza.

"Tuingilie?" Refa akauliza, akipapasa shingo iliyokuwa tupu.

Nati akanywa kahawa yake yote, akainua kikombe aongezewe.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Mafuta yakiisha, litasimama lenyewe."